Jinsi ya Kutamba Msituni kwa Bunduki ya Mtumba

Sogea karibu, hili si la kila sikio. Wenzako wa uwindaji kule Wisconsin na Pennsylvania wamemaliza mishahara kununua bunduki mpya zenye kitako cha plastiki nyeusi. Wewe huna fedha hizo, au unazo ila zina kazi nyingine nyumbani. Usihangaike. Kulungu yuleyule utamwangusha kwa bunduki iliyotoka ghala la jeshi la Sweden, na jioni kambini ukazungumziwa wewe, si wao. Fuata hatua hizi.

1. Chagua mtumba usiochakaa. Unatafuta Mauser ya Kiswidi. Zinazokuhusu ni mbili: m/96, yenye mtutu wa milimita 739, na m/38, yenye mtutu wa milimita 600. Kama ni mvivu wa kubeba, chukua m/38, hasa zile zilizoundwa fupi tangu mwanzo katika kiwanda cha Husqvarna, kwa sababu mpini wa bolti yake umepinda chini na haunasi matawi. Na kwa nini Sweden? Kwa sababu nchi hiyo haijaingia vitani tangu 1814. Askari walizibeba, walizifuta mafuta, wakazirudisha ghalani. Marekani ilizizuia bunduki za namna hii kwa sheria ya 1968, ikalegeza katikati ya miaka ya 1980, ndipo zikamiminika madukani. Bei ya kutupa imepita, lakini bado zinapatikana.

2. Soma kazi ya mkaguzi wa jeshi, amekwisha kukufanyia nusu ya ukaguzi. Upande wa kulia wa kitako utaona kisahani cha shaba chenye skrubu katikati, kimegawanywa sehemu tatu. Kimoja cha vipande hivyo kinataja kipenyo cha ndani ya mtutu, kwa mfano 6.51 au 6.52, kingine kinaeleza hali ya mtutu, na kikiwa hakina alama ujue ulikuwa safi kabisa. Ila usikiamini kama kiapo. Kisahani hukaa na kitako, na vitako vilibadilishwa. Toa bolti, ingiza tochi, angalia mifereji kwa jicho lako. Kisha linganisha tarakimu tatu za mwisho: za kwenye bolti zifanane na za kwenye mwili wa bunduki. Zisipofanana, mwambie muuzaji kwa upole kwamba umeziona. Bei itashuka yenyewe.

3. Mpe fundi bunduki dakika zake. Hapa usitafute njia ya mkato, ndugu yangu, maana bolti iko mbele ya uso wako. Mwambie apime kama inafunga risasi sawasawa ndani ya chemba. Mauser ya 1898, inayosifiwa na kila mtu, ina jino la tatu la kuzuia bolti isirudi nyuma. Hii ya Kiswidi haina. Kwa hiyo risasi za kujipakia zenye baruti ya kuzidisha waachie wenye bunduki za kisasa. Viwanda vya Marekani hupakia risasi ya bunduki hii, iitwayo 6.5x55, kwa shinikizo la chini kuliko vya Ulaya, kwa kuzijali bunduki kongwe hizi. Nunua boksi la kawaida, utulie.

4. Kataa darubini, useme ni kwa kanuni. Ukweli ni kwamba kufunga darubini ni mateso: mpini ulionyooka wa m/96 utaigonga, kizuizi cha usalama kitaigonga, na lazima chuma kitobolewe. Bunduki iliyotobolewa haina tena thamani kwa wakusanyaji, na tundu halizibiki. Basi usitoboe. Wakiuliza, jibu kwamba unapenda vilengeo vya chuma. Baada ya wiki mbili za mazoezi itakuwa kweli.

5. Jua siri ya mita 300, maana hapa ndipo wengi huaibika. Kilengeo cha nyuma cha m/96 kinaanzia mita 300, kwa sababu mwanajeshi hakuwa anawinda kichakani. Ukilenga sawasawa mita 100, risasi itapita juu karibu shubiri nzima, na moyo na mapafu ya kulungu ni duara la upana wa shubiri hiyohiyo. Utamkosa ukiwa umelenga vizuri! Dawa ni kilengeo cha mbele kirefu zaidi. Waswidi wenyewe walivitengeneza kwa vimo mbalimbali na kuvipiga chapa. Mwambie fundi akubadilishie.

6. Risasi za kijeshi ziache kwenye boksi lake, hata ukipewa bure. Zimefunikwa shaba hadi nchani, hupenya bila kupanuka, na mnyama hukimbia akafie mbali kwa uchungu. Majimbo mengi yanazikataza, na ni haki yao. Tumia ncha laini ya gramu tisa au kumi. Haikupigi bega sana, na anayeogopa kupigwa bega hufumba macho anapofyatua.

7. Jizoeze bolti. Inakoki unapoisukuma mbele, si unapoinua mpini, kwa hiyo mwishoni utahisi springi ikikataa. Usibembeleze. Sukuma kwa kiganja kizima, mara moja.

8. Kaa karibu, uitwe hodari. Tafuta njia ya kulungu, keti upepo ukija usoni kwako, subiri wafike mita 60. Wenzako watakuja na hadithi za mita 300. Wewe utakuja na nyama.

9. Jioni moto ukiwaka, atatokea mmoja wa kudharau milimita 6.5. Mwache amalize. Kisha mwambie kwamba risasi hii ilibuniwa na Sweden na Norway pamoja tangu 1891, na kwamba huko ndiyo wanayompigia älg, kulungu mkubwa ambaye dume lake hupita kilo 400. Ongeza nyama kwenye sahani yako.

Nenda kwa fundi wiki hii. Msimu wa bunduki Wisconsin hufunguliwa Jumamosi iliyo kabla ya Sikukuu ya Shukrani, na ni siku 9 tu.