Shangazi wa Tangi: Nimebadilisha mchanga, nyumba imeingia msiba

*Shangazi, shikamoo. Tangi langu la sebuleni lilikuwa na kokoto za bluu zilizochakaa. Shemeji akanishauri niweke mchanga mweupe wa ziwani. Jumamosi nikamwaga maji yote, nikatoa kokoto zote, nikasugua kichujio kwa maji ya bomba na sabuni mpaka kikang'aa, nikatandika mchanga nilioingia ziwani mwenyewe kuuchota, nikajaza maji na kurudisha samaki. Jumatatu maji yamepauka. Jumatano samaki wote wako juu wanahema. Jirani anasema ni kijicho. – Mama Usafi, Pasiansi*

Marahaba, mwanangu. Jirani muache na kijicho chake. Kilichoua nyumba yako ni usafi.

Samaki hula na kujisaidia humo humo chumbani, wanaosoma wakiwa mezani wanisamehe. Uchafu ule hutoa amonia, na amonia huunguza matamvua. Kwenye kokoto zako za bluu, na zaidi ndani ya kichujio, walikuwa wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wenzao wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Kundi lote hilo ulilitimua siku moja bila notisi. Waliobaki kwenye kichujio wakamalizwa na klorini ya bomba na sabuni yako. Kuwarudisha ni kazi ya wiki nne mpaka sita.

Kwa sasa acha kulisha siku mbili tatu. Hawafi kwa njaa, wanakufa kwa choo. Washa pampu ya hewa usiku na mchana. Kila siku badilisha theluthi ya maji, na maji mapya yawe yamelala kwenye ndoo wazi tangu jana ili klorini ipae. Kisha meza aibu, nenda kwa mtu mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, umuombe sponji chafu la kichujio chake. Likamulie ndani ya tangi lako. Ndiyo, uchafu wote ule.

Siku ukitaka tena kubadilisha sakafu, kichujio usikioshe wiki hiyo. Hamishia samaki kwenye beseni lenye maji yao ya zamani, pamoja na kichujio kikiwa kinafanya kazi. Kokoto zitoe kwa awamu, theluthi kwa wiki, na makonzi mawili matatu ya mwisho yatie kwenye soksi safi uyaning'inize pembeni ya tangi kwa mwezi mmoja, wenyeji wapate kuhamia mchangani. Mchanga uoshe mpaka maji ya ndoo yatoke meupe kweli, si meupe ya kujifariji. Sentimita tatu mpaka tano zinatosha. Ukiutandika mnene na usiukoroge, chini kutajikusanya gesi yenye harufu ya yai viza. Maji yamiminie juu ya sahani, usichimbe shimo.

Ila hilo la kuingia ziwani kuchota mchanga limenikasirisha. Konokono wa kwenye magugu ya ufukweni ndio wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi mtu akiwa amesimama tu majini. Nenda ukapime. Mchanga nunua mkavu kwa wanaouzia mafundi, uanike juani siku kadhaa. Na usije ukavuka kwenda kuuzoa Saanane, ile ni hifadhi ya taifa.

Mchanga wetu wa Mwanza unatokana na mawe haya haya ya matale mnayopigia picha, hauyabadilishi maji. Wa pwani wenye vipande vya kombe huyafanya yawe magumu. Kama huna uhakika na ulionunua, dondoshea siki. Ukitoa povu, una chokaa.

*Shangazi, mwangaluka. Nilipata mtoto wa sangara, saizi ya kidole, nikamuweka na furu wangu dazeni moja waishi kindugu. Sasa nina sangara mmoja mnene. Anaonekana mpweke. Nimtafutie mwenzake? – Mwenye Huruma, Igoma*

Mwangaluka. Mpweke wapi, ameshiba huyo.

Jaribio lako lilishafanywa, tena kwenye tangi la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Miaka ya 1950 sangara alipandikizwa kwenye ziwa letu kutoka upande wa Uganda. Kwa miaka mingi alionekana mgeni mpole. Miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakichunguza furu katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977, na nyavu zao zikaanza kupanda na sangara mahali pa furu. Ziwa lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500. Inakadiriwa kama 200 zilitoweka, na nyingi hazikuwa hata zimepewa jina. Sangara hakufanya yote peke yake, maji nayo yalizidi kuchafuka, lakini mdomo wake ulihusika sana.

Simsemi vibaya. Viwanda vya minofu vimesomesha nusu ya ukoo wangu. Nasema si mpangaji mwenza. Anafika mita moja na nusu na kuendelea. Sebule yako ina mita ngapi? Halafu sheria hairuhusu kuvua sangara asiyefika sentimita 50, kwa hiyo huyo wa kidole chako alikuwa na kesi kabla hujamlisha mtu. Peleka habari zake kwa ofisa uvuvi wa kata yako, na furu uanze upya.

*Shangazi, nina furu madume wekundu na madume wa bluu, na majike wao wa kijivu. Nimefunga taa ya rangi ya chungwa, tangi likapendeza sana, lakini tangu hapo majike wanamfuata dume yeyote. Watoto nao hawaeleweki baba ni nani. – Mlezi wa Maadili, Bwiru*

Mlezi, majike hawana kosa. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilifanya jambo hili kwa furu wa Ghuba ya Mwanza na kulichapisha miaka ya 1990. Chini ya mwanga wa kawaida jike alimchagua dume wa rangi ya kwao. Chini ya mwanga wa chungwa, ambako wekundu na bluu hawatofautiani, alichagua ovyo. Ziwani tope na mbolea zinafanya kazi ya taa yako. Pale maji yanapokuwa mazito, aina mbili huanza kuchanganyika. Funga taa nyeupe. Weka dume mmoja kwa majike wanne watano, na mawe ya kutosha kila mnyonge apate pa kujificha.

Huyo mwekundu, kwa taarifa yako, huenda ni Pundamilia nyererei. Jina la nyererei alipewa na watafiti Frans Witte na Els Witte-Maas mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamnunua kwa pesa nzuri. Sisi nduguze tunawatia kwenye ndoano kama chambo, na kabla ya sangara kutawala trola zilikuwa zikiwavua wasagwe chakula cha kuku. Kwa tangi la Mwanza sijaona anayemfikia: maji anayajua, joto analijua, jike hulea mayai mdomoni mbele ya macho yako. Watu wananiuliza wapi watapata samaki wa Singapore.

Kwa ufupi

*Wa Nyegezi, aliyetoka Kigoma na samaki wa Tanganyika:* usiwachanganye na furu. Maji ya kwao ni magumu, yana pH karibu na 9. Hao ndio watandikie mchanga wa kombe, tangi lao peke yao.

*Wa Mabatini, mwenye sato na goldfishi pamoja:* sato atakua, atachimba sakafu yote na kula mapezi ya mwenzake. Mpike sato.

*Wa Buzuruga, anayetaka kumwachia kasa na samaki wake ziwani kwa sababu anahama:* usithubutu. Soma tena jibu la Igoma.

*Aliyenitumia kambale kwa bodaboda ndani ya ndoo ya rangi, bila barua:* amefika, ni mzima, na usiku ameshatoka kwenye beseni mara mbili. Njoo umchukue kabla ya Ijumaa.