Gari la Viti Viwili Kilimani Wanyange

Mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman alitoa gari dogo la mbio liitwalo Lotus Seven: viti viwili, paa la kubahatisha, milango ya kubahatisha, uzito wa nusu tani hivi. Waingereza walilipendea mwendo, lakini zaidi walilipendea kodi. Ushuru wa siku zile ulitozwa kwa gari zima. Gari lililouzwa vipande vipande, mnunuzi akalifunga mwenyewe nyumbani, lilipona. Sheria ikaweka sharti: vipande hivyo visiuzwe pamoja na maelekezo ya kuviunga. Kiwanda kikatii. Badala yake kikatoa maelekezo ya namna ya kulifungua gari, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Kwa mtu wa Jinja hilo si ajabu. Mafundi wengi wa hapa walijifunza kazi kwa kufungua. Kufungua hakujawahi kuwa na tatizo. Kinachotia wasiwasi ni zile boliti zinazobaki mezani baada ya kufunga, huku fundi akiapa kwamba ni za ziada.

Mwaka 1996 mwalimu mmoja wa Uingereza, Ron Champion, alitoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujitengenezea gari la aina hiyo kwa pauni 250. Fremu inachomelewa kwa mabomba ya chuma ya mraba, upana wa inchi moja. Injini, gia boksi na difu vinatolewa katika Ford Escort kuukuu. Waliojenga kwa kufuata kitabu waligundua kuwa baadhi ya vipimo vyake vya fremu havikukaa sawa, wakapeana masahihisho. Baadhi yao waliyapata wakiwa wameshakata chuma.

Sasa tumbuni mtu wetu. Ni mwalimu wa fizikia, amestaafu, ana banda nyuma ya nyumba yake Wanyange, kilima kile cha mashariki ya mji wa Jinja kinachotazama Ziwa Victoria. Kitabu anacho. Grinda anayo. Mke anaye pia, na ndiye aliyeuliza swali la kwanza la maana: "Baba, hiyo Escort utaitoa wapi?"

Hakuna Escort. Kuna Toyota. Gari linalojaa kwenye vibanda vya spea za kuchinja ni Corolla ya mia, ile ambayo Waganda huiita Kikumi, lakini injini yake imelala kwa upana na nguvu inakwenda magurudumu ya mbele. Gari la kitabuni linataka injini iliyolala kwa urefu na nguvu iende nyuma. Hiyo ni Corolla ya zamani zaidi, na mabaki yake yanatafutwa kama dawa. Mwalimu anapanda taksi hadi Mbale, ambako ameahidiwa kwa simu kuna difu.

"Iko, mzee. Karibu."

Iko kweli. Ni ya HiAce.

"Hii si ya Corolla, kijana wangu."

"Mzee, ya Corolla inavunjika. Hii haivunjiki."

Ni kweli haivunjiki. Hata kubebeka haibebeki vizuri. Inarudi Jinja juu ya keria, ikiwa imelipiwa nauli ya abiria mzima. Gari jepesi limeanza kunenepa kabla halijazaliwa.

Kisha kuchomelea. Mtu angedhani Wanyange ndipo mahali pa kufanyia kazi hiyo. Bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, lina mitambo ya megawati 180. Kando yake kuna Kiira yenye 200, na chini kidogo ya mto kuna Bujagali yenye 250. Umeme wote huo unazaliwa jirani, mwendo wa bodaboda. Lakini kuzaliwa jirani na kukutembelea ni mambo mawili, na stima ina desturi ya kukatika fundi wa kuchomelea anapofika kwenye kona ya mwisho. Inaporudi saa sita usiku, fundi naye anarudi, na mtaa mzima unajua kwamba Mwalimu bado anajenga.

Hapo ndipo fizikia inapomcheka Mwalimu mwenyewe. Bomba likichomelewa upande mmoja hupata joto, na likipoa hujikunja kuelekea kwenye moto uliopita. Dawa yake inajulikana: fremu ibanwe mezani, ishikwe kwanza kwa nukta ndogo ndogo kila kona, halafu fundi aruke huku na huku ili joto lisikae upande mmoja. Mwalimu ameyaeleza hayo kwa chaki juu ya mlango wa banda. Fundi amesikiliza kwa adabu zote. Ila fundi amechomelea mageti maisha yake yote, na geti likipinda sentimita moja hufungwa kwa teke. Fremu inashushwa chini: magurudumu matatu yamekanyaga, la nne linaning'inia.

"Usijali, Mwalimu," fundi anasema. "Wewe ukikaa, litashuka."

Mwalimu anakaa. Linashuka.

Linabaki ganda. Alumini laini ya pua inahitaji mtu anayejua kuipiga nyundo isipasuke, na mtu huyo mtaani ni fundi wa masufuria. Kazi yake ni nzuri kuliko ya wote. Kasoro yake ni moja tu: watoto wanaopita wanauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Hata hivyo kinachoua gari jepesi ni wageni, si fundi wala stima. Jirani anapita na kushangaa: viti viwili tu? Matoke yatakaa wapi? Inaongezwa keria. Shemeji anapima kwa kiganja nafasi kati ya fremu na ardhi, kama sentimita kumi, halafu anatazama tuta la barabarani, halafu anamtazama Mwalimu. Springi zinanyanyuliwa, na chini panafungwa bati nene. Mwingine anakumbusha malori ya miwa yanayokwenda kiwanda cha Kakira, yanayodondosha miwa barabarani na kuwarushia vumbi walio chini yao. Kwa gari ambalo dereva wake amekaa usawa wa rimu ya lori, hilo si jambo la mzaha. Linafungwa bampa la mabomba. Halafu unakuja msimu wa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda majini kama moshi mweusi, na dereva asiye na kioo cha mbele anajikuta amekula kabla ya chakula cha jioni. Linawekwa paa. Likipimwa sasa, limeikaribia Kikumi, tofauti ni kwamba Kikumi ina redio.

Mwalimu asijione mpweke. Kenya mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa baya wala haliendi mbio. Yakatoka matano ya majaribio, yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yakafika kilomita 120 kwa saa, yakazinduliwa mwaka 1990. Masharti ya sura na mwendo yalikuwa mepesi kiasi hicho. Fedha za kuyaunda kwa wingi ndizo hazikupatikana.

Na Uganda? Wanafunzi wa Makerere walishiriki katika gari la Vision 200 lililoundwa na vijana wa vyuo vya nchi mbalimbali na kuonyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Waliporudi wakaunda la kwao, Kiira EV, gari la umeme lililotoka mwaka 2011 likiwa na viti viwili. Taifa likashangilia. Kisha, naamini kabisa, akatokea jirani akauliza juu ya matoke. Mwaka 2014 likaja Kiira EV SMACK, viti vitano. Mwaka 2016 likaja Kayoola, basi la viti 35 lenye paneli za jua paani. Baada yake likaja basi la umeme la kubeba abiria 90. Wazo lililoanza na watu wawili kwenye gari dogo likaishia kubeba harusi nzima, na kwa nchi ambayo watu wengi husafiri kwa taksi na bodaboda, hiyo ndiyo hesabu sahihi. Sioni aibu yoyote ndani yake.

Kiwanda cha mabasi hayo kipo Kagogwa, Mafubira, karibu na Wanyange. Eneo lake ni ekari 100, na kazi yake ni mabasi. Anayetaka viti viwili atajitengenezea mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa hiyo kama kuna msomaji Mbale mwenye difu nzima ya Corolla ya zamani, ya kweli, si ya HiAce, tafadhali asiikate kwa ajili ya mkokoteni kabla ya kuuliza kwanza Jinja.