Sifa za Sapu

Wengine husifu asali, wengine wali wa nazi. Mimi mkazi wa Pugu Kajiungeni nasifu sapu, mtihani wa marudio, mgeni asiyepiga hodi na asiyesema ataondoka lini.

Kwanza, sapu ina watu. Oktoba 2022, matokeo ya wanaosomea uwakili kwa vitendo yalipovuma nchi nzima, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye sapu 342, waliokula disko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Hao 26 ukiwapakia kwenye Kosta moja, konda bado ataita, "Twende, nafasi ipo!" Nani mwenye akili zake aache kundi la watu 342 akapande gari tupu?

Pili, sapu ina heshima serikalini. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliiundia kamati, mwenyekiti wake Dk. Harrison Mwakyembe. Sisi wa njia ya reli jina hilo si geni: mwaka 2012, akiwa Waziri wa Uchukuzi, Dar es Salaam ilipata treni ya abiria ambayo watu waliibatiza treni ya Mwakyembe. Aliyehangaikia watu wafike mjini ndiye aliyetumwa kutazama kwa nini vijana hawafiki kwenye uwakili.

Tatu, sapu haisomeshi mmoja. Mpwa wangu alipohamia kwangu na ya kwake, mfano wa hati ya madai ulibandikwa juu ya jiko la gesi, na muda wa kukata rufaa ukabandikwa mlangoni mwa choo. Mke wangu sasa anachambua mchicha huku akichambua viapo. Juzi muuza mkaa alikuja kudai deni la mwaka juzi, mke wangu akamwambia limepitwa na muda. Mpwa wangu akachungulia kutoka chumbani: "Hapana, shangazi. Deni la mkataba lina miaka 6." Tukalipa. Hasara ni hasara, lakini hii ilifuata sheria.

Wapo wanaomshauri ahame: avuke aende Zanzibar, kwenye Mahakama Kuu yake na mawakili wake, au atazame Marekani, ambako kila jimbo husajili mawakili wake. Wanamtolea mfano Hillary Clinton, aliyeanguka mtihani wa Washington D.C. mwaka 1973, akafaulu ule wa Arkansas na kwenda kuishi huko. Mpwa wangu huwajibu, "Arkansas yangu mimi ni Kisarawe, na Kisarawe hakuna mtihani." Kisha anarudi kwenye makabrasha, saa kumi alfajiri, kabla ng'ombe wa mnadani hawajaanza kulia.

Sifa kubwa nimeibakiza. Jirani yetu muuza maziwa humwona binti huyu, mpwa wangu, anatoka na mafaili, anarudi kimya, akaamini ameshtakiwa. Kila wiki humsimamisha njiani.

"Mwanangu, kesi yako imefikia wapi?"

"Imeahirishwa, mama."

"Pole. Siku ya hukumu kunywa chai kwanza. Mimi nilisimama kizimbani na njaa, hata jina langu likanipotea."

Tangu hapo mpwa wangu hamsahihishi. Humwekea mama huyo kiroba cha kukalia, wakakaa, akamuuliza: walikusomea nini, nani alikuwa upande wako, ulielewa? Wakili mtarajiwa anafundwa na mshtakiwa wa zamani, bila ada.

Wale 26 haya watayapata wapi? Masikini wa Mungu.