Gari Inapika Nini?

"Kaka, hapo unapika nini?"

Aliyeniuliza ni mama muuza mihogo pale Mtoni Mtongani, juzi Jumamosi, na daladala nzima iliyokwama kwenye foleni ya barabara ya Kilwa ikacheka kabla sijajibu. Boneti wazi, mvuke unafuka kama sufuria la pilau la shughuli, mimi na suti yangu, na kiti cha nyuma ameketi baba mkwe, mkongojo magotini, kimya. Tulikuwa tunawahi kikao cha harusi ya shemeji, Mbagala. Konda akachungulia: "Mzee, njoo huku, siti ipo!" Mzee akashuka. Akapanda. Hakugeuka nyuma.

Mchawi ni pampu ya maji, na si ile tuliyoizoea. Ile huzungushwa na mkanda. Injini ikizunguka nayo inazunguka, haina hiari. Ikitaka kufa inaaga: beringi inalia, maji yanadondoka, asubuhi unakuta kidimbwi chini ya gari, unakwenda kwa fundi na heshima zako. Hii ya umeme ina mota yake na kadi yake ya kielektroniki, inapokea amri kutoka kompyuta ya gari: sasa taratibu, sasa kasi, sasa tulia kwanza injini ipate joto upesi, mafuta yasiliwe bure. Injini ikizimwa, yenyewe inaweza kuendelea kusukuma maji! Nilipoielewa niliipenda, kama unavyoweza kumpenda mwizi mwenye akili. Ila inafanya kazi kimya na inakufa kimya. Rejeta imejaa, chini hakuna tone, na wewe bado unamweleza mkweo jinsi gari hii isivyokula mafuta.

Fundi wa Tandika alitafuta mkanda dakika ishirini, akaukosa, akang'oa termostati. Pampu niliyouziwa kama mpya, kumbe imepigwa brashi ya waya na rangi ya fedha, ilinifikisha Tazara. Ya pili, Tegeta.

Novemba 2012 Toyota ilitangaza kuyaita magari kama milioni 2.77 duniani yarudi kurekebishwa, mengi kwa ajili ya usukani, mengine kwa pampu ya maji ya umeme ya mfumo wa haibridi. Yangu si ya kampuni hiyo, lakini nilisoma kwa wivu. Sisi wa mkono wa pili nani atuandikie barua? Umri wa gari unahesabiwa vizuri sana siku ya kulipa ushuru. Siku ya kasoro, hakuna anayekujua.

Jana baba mkwe kapiga simu kuhusu kikao cha Jumapili. Nikamwambia nitampitia. Akasema nisijisumbue, konda wake anamjua.