Poleni, Wapenzi wa Gitaa

Wajuzi wanatufundisha kwamba bendi ya roki isiyo na mpiga gitaa haijakamilika. Tunawashukuru kwa huruma yao, ila Usukumani, mji wa Kharumwa ukiwemo, imefika kwa kuchelewa. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana tangu karne ya 19, na mshindi ni kile kilichovuta umati mkubwa zaidi. Wachezaji wengine huleta hata chatu uwanjani, wala hakuna anayeulizia gitaa. Wanamuziki wa Jagwa Music wa Dar es Salaam nao walipiga muziki wa mchiriku kwa kinanda kikuukuu cha Casio na ngoma, wakatoa albamu mwaka 2012 kupitia kampuni ya Ubelgiji.

Mtasema hizo ni ngoma, si roki. Haya. Wanamuziki wa Konono N°1 wa Kinshasa waliunganisha ala ya likembe na vipaza sauti walivyojiundia kwa sumaku za vipuri vya magari, spika zikakoroma hadi mwanamuziki Björk akawaalika kwenye albamu yake ya 2007. Kama roki ni kelele na ubishi, hao wamefuzu. Kama ni gitaa tu, basi jukwaa la nini? Duka la vyombo vya muziki linatosha.