Barua ya Siri kwa Watu Kumi na Watano

Jana asubuhi, kabla matatu haijafika Dagoretti Corner, abiria 13, dereva na kondakta wake walipata habari ya kuwa mimi nimenyimwa mkopo, nao waliipata kwa ukamilifu wake, pamoja na sababu na masharti, kwa sauti ya bibi wa Kiingereza iliyotoka katika spika zilizofungwa juu ya vichwa vyetu. Nami niliipata pamoja nao. Mwenye barua hakutangulizwa hata kwa neno moja.

Nilikuwa nimepandia mtaani Satellite, mvua ikinyesha, na Naivasha Road imegeuka mto ambao magari yalikaa juu yake kama majahazi yanayongoja pepo. Chombo chetu kilipotia nanga mara ya tatu pasipo bandari yoyote kuonekana, niliona heri nifungue barua pepe. Kwa kuwa macho yangu hayapatani na maandishi madogo katika mtikisiko, huziachia barua zangu programu ya kusoma kwa sauti, nami nikasikiliza kwa visikizi visivyo na waya. Visikizi nilivitia masikioni, nikabonyeza. Ndani ya masikio yangu kukawa kimya. Wimbo wa dereva ukakatika. Na hewani ukanadiwa wasifu wangu: mwanachama mpendwa.

Ili msomaji asinidhanie mpumbavu kuliko nilivyo, sina budi kueleza kwamba wiki iliyotangulia, simu ya dereva huyo huyo ilipoishiwa na moto, nilimwazima yangu ili abiria wapate zilipendwa, na kwa ihsani ile nikasifiwa mpaka mjini. Ufundi uliotuunganisha huitwa bluetooth, kwa lakabu ya Mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, na tangu jana nimeusoma kwa shauku ambayo laiti ningekuwa nayo juzi. Mawimbi yake ni ya redio, dhaifu, ya gigahezi 2.4, jamaa wa karibu na yale yanayopasha chakula katika majiko ya maikrowevu. Na kwa kuwa njia hiyo imesongamana kuliko Ngong Road saa moja asubuhi, vyombo viwili vinavyozungumza hurukaruka pamoja katika mikondo 79, mara 1,600 kwa kila sekunde, kwa mpangilio vinaoujua vyenyewe, visigongane na vingine. Ajabu zaidi ni kwamba vikishajuana mara moja hubadilishana ufunguo na kuuhifadhi, hata vikikutana tena, baada ya siku au mwezi, huamkiana bila kumuuliza mwenyewe idhini. Uaminifu wa namna hiyo nimewahi kuuona kwa mbwa; kwa wadhamini wangu sikuuona.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Bibi yule alitamka, kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa kodi, kwamba chama cha akiba na mikopo kinasikitika, kwa kuwa wadhamini wangu wawili wamejiondoa.

“Ai! Wote wawili?” akauliza kijana wa kiti cha nyuma.

Mama mmoja aliyempakata mtoto akafyonza, na mzee wa kando yangu akaniwekea mkono begani. Jina langu bibi alilivunja vipande vipande, hata nikapata tumaini kuwa hapana atakayelitambua, lakini kondakta akaviokota vipande vile akaviunga upya kwa sauti kuu. “Mzee, si huyu ni wewe?” Nikakibonyeza kitufe cha kupunguza sauti, ila simu nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu, basi kila nilipopunguza, ikazidi. Nikaitia mfukoni. Ikasomea mfukoni. Na hapo ndipo ilipofika kwenye maandishi ya mwisho, yale yasiyosomwa na mtu yeyote: kwamba ujumbe huu ni wa siri, umekusudiwa mlengwa peke yake, na yeyote aliyeupokea kwa makosa aufute mara moja.

“Sasa sisi tufute aje?” akasema kijana wa nyuma, na matatu nzima ikaangua kicheko, dereva akiwemo.

Nami nilicheka, kwa kuwa kutokucheka kungeongeza fedheha. Lakini tangu jana kicheko kile kimenichachia tumboni. Akiba yangu hukatwa mshaharani kila mwezi bila barua. Kunyimwa tu ndiko kulikostahiki barua, tena iliyotoka kwenye anwani inayokataza kujibiwa. Ofisi ile ina meza, ina simu, ina watu wenye ndimi. Zamani neno zito lililetwa na mtu mzima, akaketi, akanywa chai, akauliza hali ya watoto ndipo akalitua. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Zama zetu mjumbe hata haonekani, na aibu yote humbakia aliyeandikiwa.

Misiba mingine ya barua safarini ni midogo. Katika mashua ya kutoka Mokowe kwenda Lamu, namba ya kuthibitisha niliyoiomba ilinifikia nilipokwisha kurudi Mokowe. Katika kivuko cha Likoni, nilipofaulu kuthibitisha kuwa mimi si roboti, umati ulikuwa umekwisha nishusha.

Mabaharia wa bahari kuu, nasikia, wana raha kutushinda. Barua zao hupaa hadi setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, mfano wa zile ambazo kituo cha Longonot kilianza kunena nazo mwaka 1970, kisha hushuka salama, wala setilaiti haijapata kufungua kinywa juu ya madeni ya mtu. Satellite yetu, iliyo hapa chini kando ya Naivasha Road, yangu imeikariri neno kwa neno.

Leo asubuhi nilipanda matatu ile ile, bluetooth nimeizima. Kondakta, ambaye siku zote huniachia nauli mpaka tukaribie mjini, alisimama mlangoni akaninyooshea kiganja kabla sijaketi.