Namna ya Kushindwa kwa Heshima Katika Tasnifu

Ndugu yangu, umemwahidi msimamizi tasnifu ya uchumi wa kisiasa linganishi kwa mbinu mseto: takwimu za nchi chungu nzima, kisha safari ya uwandani. Uliahidi kwa sababu inapendeza masikioni. Hakuna ubaya, sote twapenda kusifiwa. Sasa nikupe njia ya mkato.

1. Ziache takwimu zianguke mapema. Evan Lieberman alieleza utaratibu huo mwaka 2005: piga hesabu ya nchi nyingi kwanza, halafu majibu yakuelekeze pa kwenda. Modeli ikishika, nenda kwenye nchi iliyokaa kwenye mstari wa modeli, uone kama sababu unayoitaja ndiyo iliyofanya kazi. Isiposhika, usikeshe ukiichomekea vigeu vipya. Kata tiketi ya kwenda kwenye nchi iliyoukimbia mstari.

2. Usiiamini tarakimu kabla hujajua imepikwa wapi. Mwaka 2010 Ghana ilikokotoa upya pato la taifa, likapanda kwa zaidi ya asilimia 60. Hakuna kiwanda kilichoota usiku ule. Ni hesabu iliyobadilika. Kaa na mtu wa ofisi ya takwimu kabla ya kukaa na kompyuta.

3. Usichague washindi peke yao. Mwaka 1990 Barbara Geddes alionyesha kwamba ukitazama Taiwan, Korea Kusini na Singapore tu, utadhani kuwabana wafanyakazi ndiko kunakoleta ukuaji wa uchumi. Alipoingiza nchi nyingine zinazoendelea, dai likapwaya.

4. Iba. Iba mpango, maneno mwachie mwenyewe. Ninaokuhimiza uuibe ni wa Edward Miguel, wa mwaka 2004. Alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, akiunganisha takwimu na historia ya sera za nchi hizo mbili. Ndani ya Busia, penye makabila mengi zaidi, fedha za wenyeji kwa shule za msingi zilikuwa haba. Meatu hakuukuta uhusiano huo. Maelezo yake yanarudi kwenye ujenzi wa taifa wa enzi ya Nyerere, Kiswahili kikiwemo. Wilaya mbili tu, lakini swali lake ni la bara zima.

Nawe ukifika shuleni (kibali cha utafiti uwe umeshakiomba, COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya), mwalimu mkuu akikufungulia daftari la michango, usikimbilie jumla iliyo chini ya ukurasa. Soma majina yaliyokatwa. Soma deni lililohamishwa muhula hadi muhula. Uliza nani alipita nyumba kwa nyumba kudai, na nani aliogopwa asidaiwe. Hayo huyapati kwenye safu yoyote ya data, na ndiyo yatakayokupa sura nzima.

5. Nadharia yako iliyoanguka iweke sura ya tatu, na jedwali lake. Usiifiche kiambatishoni. Watahini wengine huanza kusoma hukohuko.